Kabla ya kwenda harusini Lamu: mambo ya kuzingatia

Mgeni anayealikwa harusini Lamu kwa mara ya kwanza aghalabu hutazama tarehe moja iliyoandikwa kwenye kadi, akakata tiketi ya siku hiyo, akidhani kwamba anakwenda kwenye shughuli ya saa chache ndani ya ukumbi mmoja. Harusi ya Lamu huchukua siku kadhaa, na shughuli zake zimegawanyika: nyingine ni za wanaume, nyingine ni za wanawake, nyingine ni za jamaa wa karibu tu. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya tiketi na kabla ya nguo, ni kumpigia simu mwenyeji na kumwuliza bila haya ni shughuli zipi ambazo wewe umealikwa, na kila moja itakuwa usiku gani.

Swali hilo la usiku lina uzito kuliko linavyoonekana. Kwa hesabu ya Kiislamu, ambayo ndiyo hesabu ya wazee wa pwani, siku huanza jua linapotua, na hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Nimewahi kumwona mgeni akiteremka gatini Ijumaa magharibi, amevaa vizuri na zawadi mkononi, kumbe shughuli aliyoijia ilikuwa imekwisha jana yake. Mwambie mwenyeji akutajie tarehe pamoja na jina la siku, na ukisikia "kuamkia Ijumaa" ujue kwamba ni Alhamisi usiku. Hata saa zina desturi yake, kwani kadi husema "baada ya swala ya Alasiri" au "baada ya Isha", na anayetoka bara huona kwamba maneno hayo yana nafasi ya kuchelewa. Hayana. Nikaha yenyewe ni khutba, kuozesha na dua, na anayefika nusu saa baadaye huwakuta watu wameshafika kwenye halwa na kahawa.

Mwezi nao ni wa kuangaliwa. Harusi kwa kawaida hazifanywi katika Ramadhani, na nyingi hupangwa baada ya Idi, katika Mfungo Mosi, yaani mwezi wa Shawwal. Kwa kuwa Idi hutegemea kuandama kwa mwezi, harusi iliyopangwa kwa kufuata siku hiyo inaweza kusogea kwa siku moja, na ni busara kununua tiketi inayoweza kubadilishwa. Ikiwa harusi imeangukia Mfungo Sita (Rabiul Awwal), wakati wa Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, nyumba za wageni hujaa, na malazi yatafutwe miezi kadhaa kabla.

Kufika kuna njia mbili, na zote huishia baharini. Ndege hutua Manda, kisiwa cha ng'ambo ya mkondo, na msafiri huvuka kwa boti hadi gati la mji au hadi kijiji cha Shela. Ndege ndogo zinazotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwa kawaida hazipokei mzigo mkubwa, na mara nyingi kiwango chake ni kilo 15 tu, basi aliyebeba zawadi nzito aulize mapema. Wanaokuja kwa basi kutoka Mombasa au Malindi hupita Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha wakapanda boti. Barabara hiyo sasa ina lami, lakini kuna vizuizi vya polisi kwa sababu ya hali ya usalama katika baadhi ya sehemu za bara za kaunti, kwa hiyo kila mtu mzima awe na kitambulisho au pasipoti mkononi, na safari ipangwe ya mchana. Kwenye boti, vaa jaketi ya kuokolea hata kama wenyeji wawili watatu hawakuvaa. Miezi ya kusi, yaani upepo utokao kusini, hasa Juni hadi Agosti, upepo huwa mkali, na nguo za harusi zisizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki mgumu au turubai hulowa chumvi kabla ya kuvaliwa. Mifuko laini ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, basi isitumiwe kwa kazi hiyo.

Mji wa kale wa Lamu, ambao uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Mzigo hubebwa na hamali, kwa mkokoteni au kwa punda, na begi la magurudumu huwa adha juu ya mawe. Viatu vyenye visigino virefu viachwe nyumbani, maana kuna mitaro, ngazi na kinyesi cha punda, na vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba punda mwenye shehena akija, mtu hujibandika ukutani kumpisha. Tochi ndogo husaidia usiku, umeme ukikatika.

Mavazi ya mwanamume ni rahisi. Kanzu na kofia ndiyo heshima ya shughuli, lakini asiyekuwa Mwislamu akivaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu hakuna atakayemlaumu. Avae ndara au viatu vinavyovuliwa upesi, na amwulize mwenyeji kama ataingia msikitini au ataketi kwenye baraza nje. Chakula huletwa kwenye sinia, watu kadhaa wakilizunguka, na kila mmoja hula upande wake kwa mkono wa kulia. Pombe isibebwe kabisa.

Kwa mwanamke mambo ni mengi zaidi, na ndipo wageni wengi hukosea. Aulize mapema kama kuna sare, maana wanawake wa ukoo mara nyingi hukubaliana leso au kitambaa cha aina moja, na fundi huhitaji muda. Hina ipakwe siku moja au mbili kabla ili rangi ikolee. Piko jeusi, rangi ya kujichorea mwilini, liepukwe na mwenye ngozi nyepesi kudhurika, kwa kuwa baadhi ya rangi hizo huunguza ngozi na kuacha malengelenge. Usiku wa kupamba, wanawake huvua mabuibui ndani na kuonyesha nguo, dhahabu na asmini ambazo mwanamume wa nje hapaswi kuziona. Ndiyo sababu simu hukatazwa. Picha moja ikitoka humo inaweza kumvunjia heshima mtu aliyekuja akiamini kwamba yuko kwenye sitara, na mgeni aiweke simu mkobani hata kama hakuna aliyeizuia mlangoni. Achukue buibui au leso ya kujitandia njiani, na kwa kuwa mume au kaka yake hataruhusiwa kuingia, apange mapema ni nani atakayemsindikiza kurudi usiku.

Noti ndogo ndogo ziwepo. Wanawake wanapoimba na kupiga vugo, yaani pembe zinazogongwa kwa vijiti, kuwatunza kwa pesa ni sehemu ya kushiriki, na noti ya shilingi 1,000 isiyo na chenji haisaidii. Mchango wa familia ni jambo jingine: utolewe siku kadhaa kabla, kwa siri, kwa mtu mzima wa nyumba ile, kwani mchele na mbuzi hununuliwa kabla wageni hawajafika. Bahasha ya dakika ya mwisho hupokelewa kwa shukrani, lakini haimpunguzii mzigo mama aliyekwisha kukopa.

Kuhusu afya, maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa, na dawa za kila siku zibebwe za kutosha. Mtu alale ndani ya chandarua.

Tiketi ya kurudi isikatwe ya asubuhi inayofuata nikaha. Huenda bado kuna karamu, na wazee wa nyumba hutarajia kuagwa mmoja mmoja. Anayerudi kwa basi azungumze na mwenye boti jioni ya kabla ya safari, kwa sababu mabasi huondoka Mokowe mapema, na alfajiri gatini haipatikani boti kwa kuitisha tu.