Kujifunza kuchonga mpingo kwa fundi: utaanza na msasa

Mgeni akifika kwa wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, hutamani kushika tezo, kile kishoka cha kuchongea chenye makali yaliyokingama, siku hiyo hiyo. Atapewa msasa, na si kwa kudharauliwa. Uchongaji hufundishwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo: anayesugua kinyago cha mwenzake huona kwa vidole patasi ilipozama kupita kiasi na nyuzi za mti zilipochanika.

Kabla ya hapo, chagua fundi. Keti naye kutwa nzima kwanza. Unamtaka anayelianza gogo mwenyewe mpaka nta, kwa kuwa wengine wanamalizia tu kazi za watu na wengine ni wauzaji. Baada ya shikamoo na mazungumzo, kubalianeni mapema: nani ananunua mti, kazi yako ikiuzwa fedha mnagawanaje, na gogo likiharibika hasara ni ya nani. Ugomvi mwingi wa fundi na mwanagenzi hutoka hapo. Anayehitaji cheti aulizie TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Msasa hufuata mkondo wa nyuzi, kutoka mkali hadi laini: namba 80, 120, 240, kisha 400. Usiruke hata moja. Mkwaruzo wa 80 hautolewi na 400, na kwenye mti mweusi utaonekana ukishapaka nta, siyo kabla. Ili usishtukizwe, futa kinyago kwa kitambaa chenye maji kidogo. Mikwaruzo yote hujitokeza. Vaa barakoa, maana vumbi la mpingo huwasha ngozi na kusumbua kifua.

Kisha kunoa. Moyo wa mpingo ni mzito hadi unazama majini, kwa hiyo patasi yenye makali membamba humegeka. Noa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, na mgongo wa patasi ulale bapa juu ya kinoo chenye maji. Jaribu kwa kukata ncha ya ubao laini: sehemu iliyokatwa iking'aa, makali yapo, ikisagika, rudi kwenye kinoo. Patasi butu ndiyo inayokata watu, kwa sababu inasukumwa kwa nguvu.

Zoezi la kwanza lisiwe la mpingo. Tafuta kipande cha mwembe, urefu sentimita 20, unene 8, uchonge samaki. Mchore ubavuni na mgongoni, upunguze kwa tezo na kuacha ziada ya nusu sentimita nje ya mstari. Mafundi huketi chini na kubana kazi kwa nyayo, wewe bado. Weka kipande wima juu ya kisiki, mkono ushike juu kabisa, tezo ipige chini yake. Patasi ikianza kuzama yenyewe ndani ya mti, ujue unakata kinyume cha nyuzi: geuza kipande. Kwenye mviringo, kata ukishuka kutoka mlimani kwenda bondeni, pande zote mbili.

Fundi akitaka kukurekebishia kwa mkono wake, mwombe akuwekee alama ya chaki panapozidi. Akichonga yeye, utabaki na samaki mzuri usiyejua alivyopatikana. Mpelekee kazi mara mbili: baada ya tezo, na kabla ya msasa.

Mpingo sasa. Nunua wenye risiti na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Tangu 2017 jamii yote ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Tazama ncha zote mbili: ufa wa umbo la nyota katikati mara nyingi unaingia ndani kuliko unavyodhani. Sehemu nyeupe ya nje ndiyo wadudu wanayoipenda, iondoe isipokuwa umeipangia kazi katika mchoro.

Nyufa huja kwa sababu nje hukauka haraka kuliko ndani. Paka nta kwenye ncha, weka gogo kivulini, na kila jioni funika kazi kwa mfuko. Ufa mwembamba kama unywele huzibwa kwa gundi na vumbi la mpingo huohuo. Mpana zaidi usiufiche. Badilisha mchoro upite hapo. Mtindo wa shetani, wa vinyago vya mizimu yenye maumbo yaliyopinda, ulioanzishwa na Samaki Likankoa miaka ya 1950, unavumilia jambo hilo kuliko sura iliyonyooka.

Usikimbilie ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana. Matundu yake hutobolewa gogo likiwa bado nene, kisha ndipo nje hupunguzwa. Vidole na masikio ni vya mwisho kabisa. Wanaoanza hufanya kinyume, na mkono wa kinyago huvunjika kwenye pigo la tundu la mwisho.

Mwishoni tumia nta isiyo na rangi. Kiwi nyeusi ni ya wanaouza mti mwingine kwa jina la mpingo. Paka kidogo, subiri ikauke, sugua kwa kitambaa kikavu. Mkwaruzo ukijitokeza hapo, futa nta na urudi namba 240.