Somo: Kuizunguka Mombasa na pwani yake kwa gari la kukodi

Wenzangu, wageni wengi hukodi gari wakitua tu uwanja wa Moi, wakavuka Makupa na kulichomeka moja kwa moja Mji wa Kale. Nusu saa baadaye wamekwama kichochoroni Kibokoni, mbele tuktuki, nyuma mkokoteni wa maji. Mitaa ile ni ya wapita njia na wachukuzi tangu enzi za majahazi. Gari likufae kwa pwani iliyobaki. Mji wenyewe utembee kwa miguu.

Hatua ya 1: Likague gari kabla ya kutia sahihi

Hapa usione haya kuchukua muda. Lizunguke gari mchana, si taa za usiku, upige video ya kila upande: rimu, kioo cha mbele, chini ya bampa, paa, kipimo cha mafuta na kilomita. Fungua buti uone tairi la akiba, jeki, spana ya magurudumu na pembetatu za tahadhari. Mwaka mmoja nilipokea gari wakati wa magharibi, giza likiingia, na siku ya kurudisha nikakatwa amana kwa mkwaruzo niliokuta nao. Sikuwa na picha, kwa hiyo sikuwa na la kusema.

Soma bima pia. Uliza swali moja tu, kwa maandishi: likigongwa, mimi nalipa kiasi gani kutoka mfukoni? Na je, tairi na vioo vimo? Kenya tunaendesha kushoto, na ndani ya miji mwisho ni kilomita 50 kwa saa.

Hatua ya 2: Kisiwa, gari likiwa limelala

Liache hotelini, au penye maegesho ya kulipia karibu na Fort Jesus. Ijumaa usiegeshe vichochoroni karibu na misikiti, maana adhuhuri hapatoki gari.

Anza na ngome yenyewe asubuhi, jua halijakali. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu 1696 wakaitwaa 1698. Waingereza wakaifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Ukisimama ukutani ukatazama mlango wa bahari, utaelewa kwa nini kila mmoja aliitaka: hapana chombo kilichoingia bandari ya kale bila kuonekana hapo. UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2011.

Kisha shuka Mji wa Kale hadi Msikiti wa Mandhry, ambao huhesabiwa kuwa wa mwaka 1570, na uende hadi forodhani. Vaa nguo za heshima, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Mahamri kwa mbaazi ni ya asubuhi. Kahawa chungu ngoja jioni. Jua likituama ndipo uchukue gari hadi bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, ununue dafu na kachiri chini ya mibuyu.

Hatua ya 3: Kaskazini

Hii ndiyo siku ya gari. Toka kabla ya saa moja asubuhi, vuka daraja la Nyali. Barabara ya Mtwapa hadi Kilifi imekuwa ikipanuliwa, kwa hiyo tarajia michepuko, vumbi na matuta yasiyo na rangi.

Ukishavuka daraja la Mtwapa, pinda kulia uingie Jumba la Mtwana. Ni mji wa karne ya 14 ulioachwa karne iliyofuata, magofu yake yakiwa chini ya miti hadi ufukweni. Kwenye kaburi lililo karibu na msikiti wa pwani imechongwa aya isemayo kila nafsi itaonja mauti. Mimi hukaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na mara nyingi nakuwa peke yangu na mlinzi.

Endelea kupita mashamba ya katani ya Vipingo hadi Kilifi. Magofu ya Mnarani yako juu ya hori, kabla ya daraja. Kisha Gedi, mji mwingine wa magofu, kwa njia ya Watamu: msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima virefu, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. UNESCO iliiandika 2024. Malindi ni kama kilomita 120 kutoka Mombasa. Ukienda, lala huko.

Hatua ya 4: Kusini

Feri ya Likoni hujaa asubuhi kuja kisiwani na jioni kurudi Likoni. Vuka katikati ya mchana. Ukiwa juu ya feri, zima injini, weka gia ya kuegesha, vuta breki ya mkono hadi mwisho, shusha vioo. Septemba 2019 gari lilirudi nyuma likatumbukia, mama na mwanawe wakafa. Tafadhali msilichukulie jambo hili wepesi.

Anayetoka uwanja wa ndege kwenda Diani haihitaji feri tena: apite barabara ya Dongo Kundu kutoka Miritini. Ukiwa huko, tembelea msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo pamoja na wenyeji wanaoulinda, au panda Shimba Hills kuwatafuta palahala, swala wakubwa wenye pembe ndefu, ambao Kenya nzima wako hapo tu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Niko Tanga. Naweza kukodi gari Mombasa nikavuka nalo Lunga Lunga kuja nyumbani?*

Marahaba. Kwa ruhusa ya maandishi ya mwenye gari na bima ya COMESA, ile ya kuvukia mipaka, tu. Wengi hukataa. Basi la Mombasa hadi Tanga litakusumbua kidogo zaidi.

*Mwalimu, nina siku mbili na watoto watatu. Nichague nini?*

Dada, siku ya kwanza Fort Jesus na Mama Ngina, bila gari. Siku ya pili likodi, nenda Jumba la Mtwana na Kilifi, urudi. Gedi ni mbali kwa watoto kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

*Kutoka Malindi kurudi usiku, vipi?*

Kaka, usifanye hivyo. Bodaboda zisizo na taa, mbuzi, na malori yaliyoharibika huachwa barabarani na matawi tu nyuma yake. Uwe umefika Mtwapa kabla ya magharibi.

*Na Rabai? Babu yangu alibatizwa pale.*

Basi nenda, tena usiiweke mwisho wa safari. Shika barabara ya Nairobi hadi Mazeras, upinde kulia. Malori ya bandarini ni mengi, toka alfajiri. Kanisa la wamisionari wa wakati wa Krapf na Rebmann limekuwa makumbusho. Ukifika, mtaje babu yako kwa jina na ukoo. Wazee wa pale wapo wanaojua nani ni wa nani.