Tone la sabuni kwenye gundi ya mchanga

Kama mchanga uliobandika miguuni mwa askari wako wa sanamu, wale wadogo wa milimita 28, unapukutika kila ukiwashika, pitishia gundi mara ya pili. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji, 1 kwa 3 hivi, tia tone la sabuni ya kuoshea vyombo, kisha udondoshee juu ya mchanga uliokwisha kauka. Bila sabuni, tone hukaa juu kama shanga, likaviringika na kubeba chembe. Ukitia sabuni linazama papo hapo na kusambaa lenyewe. Liache usiku kucha. Tone moja tu, jamani! Ukizidisha ni povu, na povu likikauka linaacha vishimo.

Mimi natengeneza askari wa mapigano ya Tanga, Novemba 1914, nikadhani mchanga wa ufukweni ndio wenyewe. Wapi! Usipouosha kwa maji ya bomba mara mbili tatu, chumvi hujitokeza juu ya rangi kama ukungu mweupe, na hapo sabuni haisaidii kitu. Udongo mwekundu nao ukinywa gundi hugeuka mweusimweusi. Upitishie brashi kavu, yaani iliyofutwa ikabaki na rangi kidogo tu, ya kahawia hafifu.