Kuifanya Sanaa Iwe Muhasaba wa Nafsi: Mwongozo kwa Msanii wa Mombasa

Katika maonyesho mengi ya sanaa, kazi inayoitwa ya kiroho hutambulika kwa alama zake: tasbihi, mishumaa, mwezi mwandamo, mikono iliyoinuliwa. Alama hizo hazina kosa, ila mtazamaji akishazitambua huona amemaliza kutazama, na msanii aliyezichora huenda asijifunze lolote kuhusu nafsi yake. Njia inayoelezwa hapa inaanzia kwenye kitendo chenyewe cha kuchora, ili msanii apate kuona mkono wake unaelekea wapi pale ambapo yeye hakuuelekeza. Inamfaa mwenye dini na asiye nayo, maadamu yuko tayari kujisema ukweli.

Anza kwa nia, na uiandike kabla ya kugusa wino. Andika sentensi mbili au tatu ukiuambia moyo wako, kama alivyofanya mshairi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika utenzi wa Inkishafi, ambamo anauhoji moyo wake mwenyewe huku akitazama magofu ya Pate. Ukimsemesha moyo kama mtu aliye mbele yako, ni vigumu kumpamba kwa maneno makubwa. (Lugha ya kuombea ufadhili iache kwa siku nyingine; moyo hauna kamati.) Ikunje karatasi hiyo, itie katika bahasha, uifunge, na usiifungue mpaka siku ya kujihesabu.

Kuhusu karatasi, napendekeza kaki ya mfuko wa simiti, ambayo hupatikana bure popote panapojengwa, kuanzia Bamburi hadi Likoni. Ukung'ute mfuko ukiwa nje, pua na mdomo vimefunikwa, kwa sababu vumbi la simiti huwasha ngozi na hudhuru mapafu. Litupe tabaka la ndani, ulipanguse la nje kwa kitambaa kikavu, kisha ulikate vipande visivyozidi kiganja. Chonga kalamu ya tete kwa kisu kikali, ncha yake ikatwe mshazari, na uichovye katika wino mweusi usiochanganywa na maji mengi. Kaki hunyonya wino upesi, kwa hiyo kalamu ikisitasita huacha doa la duara pale iliposimama, na hakuna namna ya kulifuta. Madoa hayo ndiyo utakayoyasoma baadaye kuliko mistari uliyoipenda.

Udogo wa vipande una asili yake. Ibrahim El-Salahi, mchoraji wa Sudan aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930 na kujifunza khati ya Kiarabu tangu utotoni katika chuo cha Kurani cha babake, alifungwa mwaka 1975 bila kufunguliwa mashtaka. Gerezani kuchora kulikatazwa, naye alichora kwa siri katika vipande vya mifuko ya simiti na kuvifukia mchangani. Alipotoka aliendelea na mtindo huohuo: kuanza na kipande kimoja kama mbegu, na kuongeza kingine pembeni kila picha ilipodai nafasi, bila kujua umbo zima litakuwa lipi. Huo ndio utaratibu ninaokuomba uufuate. Usichore mpango wa awali kwa penseli. Weka kalamu mahali pamoja, acha mstari utembee, na ukifika ukingoni usigeuze mkono kwa woga, bali gundisha kipande kipya na uendelee.

Wakati mzuri ni baada ya alfajiri, kabla tuktuk hazijaanza kugombea vichochoro vya Mji wa Kale na kabla simu haijaanza kuita. Anayesali atakuwa ameshatulia. Asiyesali na akae kimya kwa muda, asikilize pumzi zake. Mimina wino kidogo katika kifuniko cha chupa, na ukimalizika, simama hata kama picha inakuvuta.

Siku ya kujihesabu iwe siku ya bamvua, yaani bahari inapojaa na kupwa kwa wingi, ambayo huja mara mbili katika kila mwezi mwandamo, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mvuvi yeyote atakukumbusha. Vitandaze vipande vyote sakafuni, uvitazame kwa kusimama, kisha kwa kukaa. Tafuta kilichojirudia bila kuitwa, kona iliyoachwa tupu, na madoa ya kusita yalikokusanyika. Tuseme ulikusudia kuchora bahari, na sasa unaona kwamba katika kila kipande upeo wa macho umebanwa juu kabisa, mbingu haina nafasi, na hakuna chombo hata kimoja kinachofika pwani. Usikimbilie kutafsiri kwamba wewe ni mtu mwenye huzuni au aliyenyimwa safari. Tafsiri ya haraka mara nyingi ni njia nyingine ya kujificha. Jaribu badala yake: kesho ushushe upeo hadi chini, ufikishe chombo kimoja, na uangalie mwili wako unafanya nini. Bega likikaza au ukiona hamu ya kuacha, umegusa jambo, na hapo ndipo pa kurudi wiki nzima.

Baada ya hapo fungua bahasha. Tofauti kati ya nia uliyoiandika na kilichotoka mkononi haimaanishi kwamba umeshindwa; iandike kwa sentensi moja nyuma ya kipande cha mwisho, pamoja na tarehe. Unaweza pia kumwita mama, shangazi au jirani asiyejali sanaa, na umuulize anaona nini. Usimuulize kama ni nzuri, maana adabu itamlazimisha kukusifu.

Lipo jambo ambalo wasanii wetu hulipuuza. Si kila kitakatifu kilicho karibu nawe ni chako cha kuchukua. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao zilizochongwa, husimamishwa kwa ajili ya marehemu na havifai kuhamishwa. Vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo, na baadhi ya makumbusho ya Marekani yamevirejesha. Kunakili umbo la kigango kwa ajili ya pambo la ukutani ni kuuendeleza mkondo uleule. Kaya nazo, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2008, zina wazee wanaoombwa ruhusa kabla ya kuchora au kupiga picha. Vivyo hivyo kwa kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani ili mgonjwa anywe si kiini macho cha maonyesho.

Likikujia jambo linalokunyima usingizi au kukutia hofu isiyoisha, weka kalamu chini na uzungumze na mshauri nasaha au daktari, na ukipenda na sheikh au mchungaji pia.

Mwisho utaamua kipi kionyeshwe. Mchoraji Hilma af Klint wa Sweden alichora kazi 193 za mfululizo wake wa hekalu kati ya 1906 na 1915, na alitaka zisionyeshwe mpaka ipite miaka 20 baada ya kifo chake. Nawe una haki ya kuficha. Kwa kile utakachotundika, maelezo ya ukutani yataje kaki, wino, na mtaa ulikochorea. Sentensi ya nyuma ya kipande ibaki imeelekea ukuta.