Somo: Jinsi ya kumfundisha muuguzi kumhudumia mgonjwa mwenye stoma

Habari zenu wanachama. Somo hili ni kwa wanaofundisha wauguzi wodini, lakini nimewalenga zaidi walio kwenye zahanati na vituo vya afya vya ndani ndani, Liwale, Nanyumbu, Tandahimba, huku mikoa ya Lindi na Mtwara. Mgonjwa anapasuliwa hospitali ya Ligula, Ndanda au Nyangao, anaruhusiwa, anapanda basi kurudi kwao. Mfuko wake wa choo ukianza kuvuja, daktari aliyempasua yuko mbali. Anayegongewa mlango ni wewe.

Kwa ufupi: stoma ni ncha ya utumbo iliyotolewa nje kupitia ukuta wa tumbo ili choo kipite hapo na kuingia kwenye mfuko unaobandikwa tumboni. Ikitoka utumbo mpana ni kolostomi, ikitoka utumbo mwembamba ni ileostomi. Sababu ni nyingi: utumbo kujisokota, saratani ya utumbo mpana, ajali, homa ya matumbo iliyotoboa utumbo, mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa. Wengine huwekewa kwa muda, wengine kwa maisha yao yote.

Hatua ya 1: Mwalimu wa kwanza awe mwenye stoma.
Fani hii ilianza hivyo. Mwaka 1958 daktari Rupert Turnbull wa Cleveland, Marekani, alimwajiri Norma Gill awafundishe wagonjwa wenzake. Norma hakuwa muuguzi. Alikuwa mgonjwa ambaye Turnbull mwenyewe alimfanyia ileostomi. Basi kabla ya kufungua vitabu, omba ridhaa ya mgonjwa mmoja aliyeizoea hali yake, akae mbele ya wauguzi, abadilishe mfuko wake huku akieleza. Atayasema ambayo wewe huyajui: analala upande gani, anafanyaje msibani, anakula nini siku ya safari. Mlipe nauli, tena kabla hajaanza kuzungumza.

Hatua ya 2: Muuguzi avae mfuko.
Abandike mfuko tumboni, ndani uwekwe uji mwepesi, afanye nao kazi zamu nzima: ainame, atandike vitanda, apande bodaboda. Asubuhi watu hucheka. Mchana joto la Mtwara likishalegeza gundi, vicheko huisha, na maswali ya maana huanza hapo.

Hatua ya 3: Kuweka alama ya mahali pa stoma kabla ya upasuaji.
Hatua hii hurukwa sana, na madhara yake mgonjwa huishi nayo. Kama upasuaji si wa dharura, mlaze mgonjwa, mkalishe, msimamishe, muinamishe. Tafuta sehemu bapa juu ya msuli ulionyooka wa tumbo, mbali na kitovu, mfupa wa nyonga, makovu na mikunjo. Lazima mgonjwa mwenyewe aione akiwa amekaa, maana asichokiona hawezi kukisafisha. Halafu mwambie mama ajifunge kanga yake kama anavyojifunga nyumbani, na mzee afunge kikoi chake. Fundo linakaa wapi? Alama isiwe hapo. Ukimpima na gauni la hospitali umempima mtu mwingine.

Hatua ya 4: Kupima na kukata.
Tumia muda mrefu zaidi hapa. Stoma huwa imevimba baada ya upasuaji, kisha hunywea ndani ya wiki 6 hadi 8. Anayeendelea kukata tundu la mfuko kwa kipimo cha siku ya kwanza anaacha ngozi wazi, choo kinailamba, inachubuka, gundi haishiki, mfuko unavuja. Mnyororo wote huo chanzo chake ni mkasi.

Chukua nailoni safi inayofunika dripu, iweke juu ya stoma, chora mzunguko wake kwa kalamu. Kata bamba la gundi (sehemu ya mfuko inayonata kwenye ngozi) kwa kipimo hicho, ukizidisha milimita 2 hadi 3 tu. Pitisha kidole ukingoni kulainisha. Safisha ngozi kwa maji ya kawaida na kitambaa laini, kausha kabisa, bandika, kisha lishikilie kwa kiganja chenye joto dakika moja au mbili. Spiriti hapana. Mafuta ya nazi pia hapana, hata bibi akisisitiza, kwa sababu gundi haishiki penye mafuta.

Wauguzi wengi huogopa maji, wakidhani stoma ni kidonda. Si kidonda. Ule uwanda wa juu wa Newala ambako ndoo ya maji ina thamani, kikombe kimoja na kitambaa vinatosha, alimradi choo kimefutwa kwanza kwa karatasi laini.

Hatua ya 5: Kusoma rangi.
Nyekundu na yenye unyevu: salama. Vitone vya damu unapofuta: kawaida. Zambarau iliyokolea au nyeusi: damu haifiki, piga simu na mpe rufaa saa hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Kukabidhi.
Mgonjwa asiruhusiwe mpaka abadilishe mfuko mwenyewe, wewe mikono nyuma. Ajue kuumwaga ukifika theluthi, asingoje ujae.

MASWALI YA WANACHAMA

Nesi wa Nachingwea: *Mwalimu, mifuko hatuna kabisa. Tufanyeje?*
Dada, kwa kolostomi yenye choo kigumu, hasa kwa watoto, nepi au kitambaa laini kinachobadilishwa mara kwa mara hufaa, na krimu ya zinki kwenye ngozi (hapo hakuna gundi ya kuharibu). Ileostomi ni kesi nyingine, maji yake yana vimeng'enya vinavyochoma ngozi. Huyo mpiganie apate mifuko kabla hajatoka hospitali.

Mdau Kilwa: *Mgonjwa wa ileostomi anatoa maji mengi, nimemshauri madafu. Sawa?*
Hapana, kaka. Anapoteza chumvi, na dafu lina chumvi kidogo mno. Maji matupu mengi nayo yanazidisha. Mpe ORS (unga wa pakiti wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji). Ikikosekana: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Maji anayotoa yakipita lita 1.5 kwa siku, mpeleke hospitali.

Mama Mikindani: *Korosho ale?*
Mwenye ileostomi aache wiki 6 hadi 8 za mwanzo, pamoja na mahindi ya kuchoma, machicha ya nazi na embe lenye nyuzi, maana huziba. Baadaye ale kidogo kidogo, atafune sana. Tumbo likikata, mfuko ukabaki mtupu na akatapika, ni hospitali.

Mdau Lindi mjini: *Mzee wangu ameacha kwenda msikitini, anasema hana udhu.*
Usimtolee fatwa wewe. Mpeleke kwa shekhe wake umweleze kwamba choo hakizuiliki. Wanazuoni kwa kawaida humchukulia kama mwenye udhuru. Kazi yako ni mfuko usiovuja, aumwage kabla ya adhana.

Nesi mpya, Masasi: *Mgonjwa wa kolostomi ametoa kamasi kwa njia ya kawaida, ameogopa sana.*
Ni kawaida. Utumbo uliobaki chini bado unatengeneza ute wake. Akae chooni kama zamani, utoke. Ukiwa na damu au usaha, aonwe na daktari.