Kulinganisha "Norwegian Wood" na "Paint It Black": anza na mapigo, sitari ifuate

Nafundisha gitaa, na haupiti mwaka bila mwanafunzi kuniambia kwamba bendi ya Rolling Stones iliiga bendi ya Beatles. Ushahidi wake huwa sitari, ala ya nyuzi ya Kihindi, na tarehe zinampa nguvu: "Norwegian Wood" ya Beatles ilitoka Desemba 1965 kwenye albamu ya Rubber Soul, "Paint It Black" ya Rolling Stones, nayo ina sitari, ikafuata Mei 1966. Simbishii. Namwekea nyimbo zote mbili, tunazipitia hivi.

Hatua ya 1: Andaa masikio
Vaa hedifoni masikio yote mawili. Msigawane na rafiki, huyu sikio moja na yule jingine. Rekodi nyingi za stereo za miaka ile zilitenganisha sauti, ala zikawekwa upande mmoja na mwimbaji upande wa pili, kwa hiyo utasikia nusu na kuhukumu wimbo mzima. Sikiliza kila wimbo mara tatu. Ni mifupi, hakuna unaofika dakika nne.

Hatua ya 2: Gonga meza
Sitari iache kwanza, na maneno pia. Tafuta mapigo. Kwenye "Norwegian Wood" hesabu moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, uzito ukiuweka kwenye moja. Baada ya muda mfupi bega litaanza kuyumba lenyewe, kama mtu anayebembeleza mtoto.

Sasa weka "Paint It Black". Mwanzo ni wa taratibu, kisha ngoma za Charlie Watts zinaingia kwa kishindo. Hesabu nne, na hakuna pigo jepesi. Kijana mmoja alianza kugonga kwa kidole, akamaliza kwa kiganja kizima, mpaka glasi ya maji ikawa inatembea mezani. Nilimwambia aandike alichokifanya kabla ya kuandika alichokisikia. Nawe fanya hivyo.

Hatua ya 3: Shuka chini
Rudia, safari hii ukifuata sauti nzito. "Norwegian Wood" haina mpigo wa ngoma kama tulivyouzoea kwenye roki. Kuna besi ya Paul McCartney, na tari linasikika kwa mbali. Kwenye "Paint It Black" chini kumejaa. Bill Wyman alipiga pedali za ogani kwa ngumi ili kuongezea besi uzito. Ukishalijua hilo, utausikia mngurumo ambao jana ulikupita.

Hatua ya 4: Sasa sitari
Hapa usiharakishe. "Norwegian Wood" inafunguliwa na gitaa peke yake, halafu sitari ya George Harrison inakuja kuurudia muziki uleule. Harrison alikuwa bado hajasoma kwa Ravi Shankar, gwiji wa sitari wa India, na anapiga kama mpiga gitaa aliyeshika ala mpya. Kwenye "Paint It Black", Brian Jones anaifuata njia ileile anayoiimba Mick Jagger. Imba kimoyomoyo ubeti mmoja, kisha fuatisha sitari kwa kidole hewani: inapopanda sauti ndipo kidole kinapopanda.

Kwa hiyo sitari imepewa kazi moja kwenye nyimbo zote mbili, kuirudia tuni iliyokwisha kuwapo. Wazo la kuitumia kwenye roki huenda lilitoka kwa jirani, lakini nyimbo hizi zimetengana chini, pale kwenye mapigo. Ndiyo maana nimekuanzisha mezani.

Hatua ya 5: Maneno
Pita haraka. John Lennon anasimulia mgeni aliyeingia kwa msichana, akaambiwa akae, akatazama na asione kiti. Usiku akalala bafuni. Jagger anaimba msiba: mlango mwekundu anaoutaka uwe mweusi, magari meusi yamepangana. Jiulize kama bega linaloyumba linafaa kisa cha kwanza, na kiganja kinachopiga kinafaa cha pili. Kwangu vinafaa kabisa.

Hatua ya 6: Ondoa sitari
Chukua gitaa, upige nyimbo zote mbili peke yako. "Norwegian Wood" itasimama wima hata kama ni usiku na unapiga polepole ili usiwaamshe wa chumba cha pili. "Paint It Black" utaipiga noti zote sawasawa, na bado utahisi kuna mtu hajafika. Mwite yeyote aliye karibu akugongee meza, nne kwa nne, kwa kiganja.