Kuhamisha Nukta kwa Vekta kwenye Bapa la Majiranukta

Kabla ya kuanza hesabu, tenganisha mambo mawili ambayo kwenye karatasi hufanana sana: nukta hutaja mahali, ilhali vekta hutaja mwendo. Ndiyo maana nukta huandikwa kwa mlalo, kama P(2, −3), na vekta mara nyingi huandikwa kwa wima, ambapo namba ya juu inaeleza hatua za kwenda kulia au kushoto, na ya chini hatua za kupanda au kushuka. Vekta yenye −5 juu na 4 chini ni ile ile, iwe mshale wake umechorwa kuanzia kwenye asili, yaani nukta (0, 0), au pembeni kabisa mwa grafu.

Ili kuihamisha P kwa vekta hiyo, jumlisha x na namba ya juu, kisha y na namba ya chini: 2 + (−5) = −3, na −3 + 4 = 1. Taswira yake ni P′(−3, 1). Ukiweka kidole juu ya P, ukahesabu miraba mitano kushoto na minne juu, utaangukia hapo hapo.

Umbo zima huhamishwa kipeo kwa kipeo, kwa vekta moja. Pembetatu yenye vipeo A(1, 2), B(4, 2) na C(1, 6), ikihamishwa kwa vekta yenye −6 juu na −3 chini, inatoa A′(−5, −1), B′(−2, −1) na C′(−5, 3). Pande zake zilikuwa na urefu wa 3, 4 na 5, na bado ni hivyo; upande wowote ukibadilika urefu, kuna kipeo ulichokikosea.

Wengi huteleza wanapotakiwa kuitafuta vekta yenyewe. Kanuni ni kuchukua mwisho na kutoa mwanzo, wala si kinyume chake. Ikiwa K(3, −1) imehamia K′(−2, −4), namba ya juu ni −2 − 3 = −5, na ya chini ni −4 − (−1) = −3. Hapo pa mwisho ndipo alama mbili za kutoa zinapomezwa kimakosa na kuwa moja, jibu likawa −5 badala ya −3. Kwa hiyo andika mabano hata kama unaona unapoteza wino.

Mstari una mtego wake. Ukiuhamisha mstari y = 2x + 1 kwa vekta yenye 3 juu na −2 chini, usijumlishe 3 kwenye x ya mlinganyo. Nukta mpya (x, y) ilitoka (x − 3, y + 2), na ni ile ya zamani inayotimiza mlinganyo wa zamani: y + 2 = 2(x − 3) + 1, yaani y = 2x − 7. Mteremko haujabadilika. Jaribu kwa nukta (0, 1), ambayo sasa iko (3, −1): 2 × 3 − 7 = −1.